Betri ya Gari Lisiloendeshwa

Mwenye gari la spoti asiyeliendesha ila mara chache hudhani kwamba analihifadhi. Kumbe betri yake yaangamia. Hata gari likiwa limezimwa, saa na king'ora huendelea kutumia umeme. Vikitumia miliampea 50 tu, betri ya ampea-saa 50 huishiwa kwa siku 40 hivi.

Umeme upunguapo, mabamba ya risasi hufunikwa na salfeti ya risasi. Betri ikichajiwa mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi katika asidi. Ikiachwa, huwa fuwele ngumu, na nguvu ya betri hairudi tena kama awali.

Kuiacha injini ingurume dakika chache huenda kusirudishe umeme uliotumika kuiwasha. Basi, gari likiwekwa kwa wiki kadhaa, betri ichajiwe kwanza hata ijae, kisha waya wa ncha hasi ufunguliwe.