Je, Wajua? Saa za Tiketi ya Ndege

Je, wajua kwamba tiketi iliyoandikwa Jumanne 00:30 ni ya saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne? Kwa safari ya nje, uwe uwanjani Jumatatu saa tatu na nusu usiku hivi. Anayengoja Jumanne usiku ameachwa tangu usiku uliopita. Na 07:00 ni saa moja asubuhi, jamani, si saa saba.

Kila saa husomwa kwa mji wake: ukitoka Dar es Salaam kwenda Dubai, saa ya kufika ni ya Dubai, iliyo mbele kwa saa moja.

Na kwenye mizigo, kama umebeba asali ya shangazi, ipakie kwenye begi kubwa. Viwanja vingi hukataa kwenye begi la mkononi chupa inayozidi mililita 100, hata ikibaki robo.