"Inflammable": Neno la Kutahadhari Nalo Nyumbani

Juu ya madebe ya petroli, chupa za spiriti na makopo ya dawa ya kupulizia mbu, aghalabu huandikwa neno la Kiingereza "inflammable" au ndugu yake, "flammable". Yapasa kila mwenye nyumba ayaelewe barabara maneno haya, kwa kuwa anayekijua Kiingereza kidogo aweza kulifasiri lile la kwanza kinyume kabisa, na kosa hilo likamletea maafa.

Kosa latokana na silabi ya mwanzo. Mwanafunzi hufundishwa kwamba "in" hukanusha: "visible" ni kinachoonekana, na "invisible" ni kisichoonekana. Akijua pia kwamba "flame" ni mwali wa moto, atadhani "inflammable" ni kitu kisichowaka. Kumbe ni kitu kinachoshika moto upesi!

Asili ya neno hili ni Kilatini. Lugha hiyo ina "in" mbili: moja ya kukanusha, na nyingine yenye maana ya "ndani". Hii ya pili ndiyo iliyounganishwa na "flamma", yaani mwali, kikapatikana kitenzi "inflammare", kutia moto. Katika shina hilo hilo limechipuka neno la madaktari, "inflammation", yaani uvimbe wenye joto na wekundu.

Waingereza walilitumia neno "inflammable" tangu karne ya 17. "Flammable", lenye maana ile ile, lilizuka mwaka 1813, lakini halikuenea. Katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kukinga moto, National Fire Protection Association, kilihimiza litumike ili watu wasipotoke. Mwaka 1959 taasisi ya viwango ya Uingereza nayo ikatoa shauri hilo hilo. Hata hivyo, neno la zamani halikufutika, na hadi leo yote mawili huonekana.

Basi ikumbukwe kwamba maneno hayo ni pacha. Kinachokanusha ni "non": kitu "non-flammable" hakiwaki kwa urahisi. Wasomao Kifaransa nao waangalie: "inflammable" huwaka, bali "ininflammable" haiwaki.

Mwenye shaka na atazame picha. Mchoro wa mwali ndani ya umbo la almasi lenye ukingo mwekundu ni onyo la moto katika lugha zote. Na onyo hilo si la bure. Petroli hutoa mvuke uwezao kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukakutana na jiko lililo mbali. Hata debe lililomiminwa likaisha lina mvuke ndani yake, nalo laweza kulipuka. Kwa hiyo chombo chenye neno hilo, kijae au kiwe kitupu, kisikae jikoni, karibu na taa, wala mahali watoto wanapofikia.