Mgongo usiokoma kuuma: Si kila mara ni uchovu, na si kila mara ni TB

UMEKUWA ukilalamikia mgongo tangu mwezi jana. Mchana unabeba mawe mjengoni, au unashinda juu ya bodaboda, au umejikunja mbele ya kompyuta. Kwa hivyo jibu unalo tayari: “Ni uchovu tu.” Jioni unapitia duka la dawa, unameza tembe mbili, unalala. Kesho yake ni vilevile.

Mara nyingi huwa hujakosea. Maumivu mengi ya mgongo kwa vijana hutokana na misuli na huisha baada ya wiki chache. Lakini kuna yale yasiyoisha. Yanakuamsha usiku wa manane hata kama ulipumzika siku nzima. Suruali inaanza kukupwaya, shuka linalowa jasho, na jioni mwili unapata joto. Hapo usijidanganye tena kwamba ni mjengo. Huenda kuna bakteria wanaokula mfupa.

Hapa Kenya, mshukiwa wa kwanza ni kifua kikuu. Ndiyo, TB! Wengi wetu tumezoea kuihusisha na kikohozi, lakini bakteria wa TB husafiri kwa damu na wanaweza kujificha mfupani bila wewe kukohoa hata mara moja. Wakiingia mifupani, takriban nusu ya visa huwa kwenye uti wa mgongo. Pingili huliwa polepole, kisha huporomoka, na mtu hubaki na kibyongo. Ugonjwa huu ni wa kale kiasi kwamba dalili zake zimeonekana kwenye maiti zilizokaushwa za Misri ya kale. Mwaka 1779, daktari mpasuaji wa Uingereza, Percivall Pott, aliueleza kwa kina, na hadi leo madaktari huuita kwa jina lake.

Sasa ngoja nikujuze jambo ambalo huenda hujawahi kulisikia. TB ina binamu zake. Wanasayansi wametambua zaidi ya aina 190 za bakteria wa ukoo huo ambao hawasababishi TB wala ukoma. Hawa huishi kwenye udongo, vumbi na maji, hata yale ya mfereji. Tunakutana nao kila siku na hawatufanyi kitu. Tena, tofauti na TB, kwa kawaida hawaambukizwi kutoka kwa mtu hadi mwingine.

Taabu huanza wanapopata mlango. Mlango huo unaweza kuwa upasuaji, sindano isiyo safi au jeraha lililozama ndani. Unaweza pia kuwa kinga ya mwili iliyodhoofika, kwa mfano kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza dawa au ameziacha, au aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Ni nadra wafike kwenye uti wa mgongo, lakini wakifika, madhara yao hufanana mno na ya TB.

Kisa kinachojulikana sana kilitokea jijini Paris, Ufaransa. Kati ya mwaka 1988 na 1993, wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mgongo katika kliniki moja waliambukizwa bakteria aitwaye Mycobacterium xenopi. Chanzo? Vifaa vya upasuaji vilikuwa vikisuuzwa kwa maji ya mfereji. Wagonjwa zaidi ya 3,000 walifuatiliwa na 58 wakapatikana na maambukizi. Kwa wastani, miaka kadhaa ilipita baada ya upasuaji kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Hebu fikiria: miaka kadhaa ya kuumwa na mgongo huku chanzo hakijulikani.

Mbona ichukue muda hivyo? Kwanza, ugonjwa wenyewe hukua polepole, na eksirei ya kawaida huenda isionyeshe kitu mwanzoni. Picha ya MRI huona mapema zaidi, lakini haiwezi kutaja jina la bakteria. Pili, chini ya hadubini TB na binamu zake hufanana kama pacha. Mashine ya GeneXpert, inayotumika sana nchini kupima TB, humsaka bakteria wa TB pekee. Hivyo, hadubini ikisema “wapo” na GeneXpert iseme “si TB”, daktari ana sababu ya kuwashuku binamu.

Njia ya uhakika ni kutoa kipande kidogo cha mfupa au usaha kwa sindano, kisha kukiotesha katika maabara. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Yanachosha kusubiri, lakini ndiyo huamua dawa. Baadhi ya binamu hawa hawasikii dawa za kawaida za TB. Matibabu yao huhitaji mchanganyiko wa antibiotiki kwa miezi mingi, na pengine upasuaji.

Basi ufanyeje?

Ikiwa mgongo umeuma kwa zaidi ya wiki sita, au umeambatana na homa, jasho la usiku au kukonda, nenda hospitali, si kwa mkandaji. Mweleze daktari kila kitu: upasuaji au sindano ulizopata, hali yako ya virusi vya Ukimwi, na kama umeishi na mtu mwenye TB. Muulize bila woga: “Je, sampuli itatolewa na kuoteshwa?” Hiyo ni haki yako, si ujuaji.

Ukipatikana na TB ya mgongo, dawa ni za bure katika hospitali za umma. Lakini utazimeza kwa takriban mwaka mmoja, si miezi sita kama ya mapafu. Usiziache hata ukijihisi uko fiti. Na iwapo umezimeza vizuri kwa miezi kadhaa na hali inazidi kuwa mbaya, usizikatize mwenyewe. Rudi kwa daktari. Huenda ni TB sugu, au huenda ni binamu.

Lakini kuna dalili zisizosubiri miadi. Miguu ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, au ukishindwa kudhibiti haja ndogo au kubwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Maana yake ni kwamba mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti unabanwa, na ukichelewa huenda usitembee tena.

Mgongo huo ndio unaobeba mawe na kukuletea unga. Ukikuamsha usiku kwa wiki kadhaa, usiunyamazishe kwa tembe tu.