Kikonyo ndicho mlinzi wa boga ghalani

Boga lililokomaa na kuvunwa vyema huweza kuhifadhiwa kwa miezi mitatu au zaidi, likawa akiba ya familia wakati wa kiangazi. Hata hivyo, baadhi ya wakulima hupoteza mavuno kwa kuyachuma mapema au kung'oa kikonyo.

Subiri hadi kikonyo kikauke na ganda liwe gumu kiasi cha kutotoboka kwa ukucha. Kata kwa kisu, ukiacha kikonyo cha sentimita 5 hivi; kiking'oka, tundu linalobaki huwa mlango wa kuvu. Yaanike maboga kwa siku 10, kisha yapange juu ya mbao, mahali pakavu penye hewa, yasigusane.

Lenye jeraha halihifadhiki. Hilo litangulie jikoni, lipikwe kwa tui la nazi au lichemshwe, liliwe kwa chai.