Kurudi kwenye ukili: vidole vinakumbuka, kano hazijawa tayari

Bweni, kijiji cha kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Mafia, karibu na mnara wa taa wa Rasi Mkumbi, kinajulikana kwa mikeka. Ukindu huanikwa, huchanwa, mwingine huchemshwa na rangi, kisha husukwa ukili mrefu ambao hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Wasichana huanza mapema. Lakini wapo wanaoolewa mbali au kufuata biashara Dar es Salaam, wakakaa miaka bila kugusa ukindu. Mwenye hali hiyo akishika ukili tena kwa kujifurahisha tu, hushangaa: vidole vinakwenda vyenyewe.

Sababu ilianza kujulikana kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 1953, nchini Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa, akabaki hawezi kuweka kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku alichora vizuri zaidi, ingawa hakukumbuka kuwa amewahi kuifanya kazi hiyo. Kumbe ufundi wa mikono una hifadhi yake: ubongo mdogo ulio kisogoni, pamoja na viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo. Mwulize msukaji namna anavyounga ukindu mpya pale wa zamani unapoishia, huenda akababaika. Mpe ukindu, atakuonyesha.

Basi kasi hurudi upesi, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo kuliko msuli wenyewe, kwa hiyo hujijenga polepole mno. Linaloumia zaidi ni gumba, maana kila mkunjo wa ukili hubanwa nalo. Kano zake mbili hupita ndani ya ala nyembamba pembeni mwa kifundo cha mkono. Zikisuguka sana, ala hunenepa na kuzibana. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1895 na bado unaitwa kwa jina lake. Kujipima, kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha mkono taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali upande wa gumba ni dalili yake. Fundi wa makubadhi anayerudi kusukuma sindano kwenye ngozi ngumu yumo katika hatari hiyo hiyo.

Najua kuna atakayesema bibi yake alisuka mpaka uzeeni na hakuwahi kulalamika mkono. Bibi hakuacha! Kano zake zilifanya kazi mfululizo tangu utotoni. Anayerudi aanze na vipindi vifupi, apumzike kabla hajachoka, aongeze wiki kwa wiki, na aulowanishe ukindu ulainike ili gumba lisilazimishwe. Kukaa chini miguu imenyooshwa kwa saa nyingi nako huchosha kiuno. Kuegemea ukuta kunasaidia.

Macho nayo yamebadilika. Baada ya miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na ukili huonekana vizuri ukisogezwa mbali tu. Wengi hudhani wamepoteza ufundi, kumbe wamekosa miwani ya kusomea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu wafanyakazi wa vijijini Bangladesh, wenye miaka 35 hadi 65, ulionyesha kuwa baada ya miezi minane waliopewa miwani mapema walikuwa na kipato cha kati kilichozidi cha wenzao waliokuwa wakisubiri kwa asilimia 33.4. Wengi wao walitegemea kazi za kuona karibu. Kwa maoni yangu, kabla ya dawa yoyote ya kuchua, miwani ije kwanza.

Kwa anayetia ukindu rangi, tahadhari moja zaidi: rangi ichemshwe nje penye upepo, katika sufuria isiyopikiwa chakula.

Ganzi ni suala jingine. Gumba na vidole viwili vinavyolifuata vikifa ganzi usiku hadi ukaamka kukung'uta mkono, huenda neva inabanwa kwenye kifundo. Nenda hospitali, na usiutupie ukili lawama zote: kisukari nacho huchangia tatizo hili, hivyo omba upimwe sukari siku hiyo hiyo.