Picha za Harusi Zibaki Nyumbani, na Karatasi Zisiharibike



Harusi zikiisha, nyumba zetu za Diani hadi Msambweni hubaki na mamia ya picha ndani ya simu. Zile za usiku wa kupamba, ambapo mabinti hukaa wao kwa wao bila buibui wala mtandio, ndizo zenye uzito. Ukizipeleka kuchapwa dukani, nakala huweza kubaki katika kompyuta ya mwenye duka hata akiwa mwaminifu, na kesho kompyuta ile hushikwa na mwingine. Kwa sababu hiyo twaziunga mkono familia zilizonunua printa ya nyumbani. (Hukumu ya picha zenyewe maulamaa wametofautiana, na leo hatuingii humo.)

Tatizo ni kwamba karatasi nyingi huharibika, na wino si wa bure.

Linaloonekana zaidi ni bibi harusi kukatwa asumini za kichwani. Picha ya simu aghalabu ina uwiano wa 4 kwa 3, ilhali karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ina uwiano wa 3 kwa 2. Picha ikijaza zile sentimita 15, upande wake wa pili hufikia sentimita 11.25, na ile 1.25 iliyozidi hukatwa. Chagua picha iingie nzima, ukubali ukingo mweupe, au uipunguze mwenyewe mahali pasipo na mtu. Ukipanga picha 4 katika ukurasa wa albamu, acha sentimita 2 upande wa kufungia, kisha chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Karatasi moja ya majaribio huokoa kumi za kung'aa.

Picha iliyopita WhatsApp hupunguzwa ukubwa, nayo ikikuzwa hufifia. Mwombe aliyeipiga akutumie kama faili. Michirizi myeupe ni dalili ya wino uliokauka katika printa iliyokaa muda bila kazi. Isafishe kwa menyu yake mara moja au mbili tu, kwani usafishaji nao hula wino. Karatasi ya kung'aa kwa kawaida ina upande mmoja wa kuchapia. Ukigeuzwa, wino hutapakaa. Na mvua za masika zikianza, unyevu wa pwani huikunja: pakiti ifungwe vyema.

Tazama pia kanga. Simu nyingine hugeuza picha ya kujipiga mwenyewe, na jina la kanga likasomeka kinyume. Igeuze kabla ya kuchapa.

Lenye kutuhuzunisha ni Bismillahi ya ukurasa wa mwanzo. Programu zisizoyajua maandishi ya Kiarabu huyatenganisha herufi moja moja na kuyapanga kutoka kushoto, na asiyesoma huona mapambo tu, asitambue kuwa neno limevunjika. Tafuta Bismillahi iliyokwisha kuandikwa vizuri, uiweke ukurasani kama picha. Kisha mpe anayesoma Qur'ani, hata mtoto wa madrasa, aitazame kwenye kioo kabla ya kubonyeza.

Karatasi zilizoharibika nazo zina hukumu yake. Mwanamke aliyetoka vibaya kwenye karatasi bado ni yule yule, na karatasi za jaani hufika kwa muuza njugu zikawa za kufungia. Zikateni vipande vidogo, au mzichome. Yenye jina la Allah haitupwi: huchomwa, au huzikwa pasipokanyagwa. Sayyidna Uthman (r.a.) aliamuru nakala nyingine zichomwe baada ya Msahafu kunakiliwa. Karatasi yenye vyote viwili, picha na jina hilo, moto watosha.