Mwalimu tarajali anahitaji kujua nini kuhusu mtoto mwenye mahitaji maalumu?

Mtoto anaitwa jina mara tatu darasani, haitiki. Mwalimu anaona ukaidi. Nyumbani nako akitumwa chumvi analeta kiberiti, na wakubwa wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Anachapwa, anahamishiwa dawati la nyuma, na kila muhula anazidi kushika mkia. Kumbe sikio limekuwa likitoa usaha tangu utotoni na usikivu wake umepungua. Hakuna aliyewahi kulichunguza.

Mtoto wa aina hii mara nyingi hakutani kwanza na mtaalamu wa elimu maalumu. Anakutana na mwalimu wa kawaida wa darasa la kwanza au la pili. Ndiyo maana kila anayesomea ualimu, hata kama anakusudia kufundisha hisabati au Kiswahili tu, anapaswa kufunzwa misingi ya kuwafundisha watoto wenye mahitaji maalumu kabla hajakabidhiwa darasa.

Tanzania ina Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu katika maeneo ya uoni, usikivu na ulemavu wa akili. Wahitimu wake wanahitajika sana, lakini hawawezi kuwapo katika kila darasa la kila kijiji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma katika shule ya kawaida pamoja na wenzake. Haki hiyo inabaki kwenye karatasi endapo mwalimu anayempokea hajui aanzie wapi.

Watoto hawa ni akina nani?

Jambo la kwanza ambalo mwalimu tarajali hufundishwa ni kwamba ulemavu wa kuonekana kwa macho ni sehemu tu ya habari. Wapo wasioona na wenye uoni hafifu, viziwi na wenye usikivu hafifu, wenye ulemavu wa viungo, ulemavu wa akili na usonji. Yupo pia mtoto anayejibu vizuri kwa mdomo lakini akipewa kitabu herufi zinamchanganya. Kuchanganya b na d ni kawaida kwa anayeanza shule. Tatizo likiendelea miaka inavyosonga, ni dalili ya kufuatilia, wala si uvivu.

Kundi hili linamhusu pia mtoto mwenye kipawa kikubwa. Akimaliza kazi kabla ya wote na kukosa jambo la kufanya, huanza kusumbua wenzake na kuitwa mtukutu. Shule za sekondari kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe zinafahamika kwa kupokea wanafunzi wenye vipaji maalumu, lakini mtoto huyo lazima avuke kwanza miaka ya msingi bila kukatishwa tamaa.

Swali linalobadilisha kazi

Mwalimu aliyeandaliwa vizuri haanzi na swali “huyu ana kasoro gani?” Anauliza, “kitu gani kinamzuia kujifunza?” Swali la kwanza humpa mtoto jina la kubandikwa, lakini la pili humpa mwalimu kazi ya kufanya.

Mtoto mwenye ualbino, kwa mfano, kwa kawaida ana uoni hafifu, na miwani pekee haimrudishii uoni wote. Kinachomzuia ni umbali wa ubao na mwanga mkali. Akikaa mbele, mbali na dirisha lenye jua, na akiruhusiwa kusogelea ubao, mambo mengi yanabadilika.

Mwenye usikivu hafifu hutegemea sana kuutazama uso wa msemaji. Mwalimu anayeongea huku akiandika ubaoni, mgongo ukiwa kwa wanafunzi, anamfungia mlango bila kujua.

Mwenye ulemavu wa akili hufundishwa jambo moja kwa hatua ndogondogo. Hata kunawa mikono kuna hatua zake: kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza. Mwenye usonji anaweza kuvurugwa na kelele za ghafla au ratiba iliyobadilika, hivyo husaidia sana kumwambia mapema.

Asiyeona husoma kwa nukta nundu, maandishi ya vidole yanayojengwa kwa nukta 6 tu. Mwalimu wa kawaida si lazima awe bingwa wa maandishi hayo, lakini lazima ajue kuwa “angalieni ubaoni” haimfikii mtoto huyo. Asome kwa sauti kila anachoandika.

Sehemu kubwa ya mambo haya haihitaji fedha. Hata hivyo, tusidanganyane: katika darasa la wanafunzi 80, mwalimu mmoja hawezi kufanya kila kitu. Anahitaji vifaa, mwalimu mkuu anayemsikiliza, na mzazi.

Kuwafahamu kwa kuishi nao

Nadharia ya chuoni peke yake haiondoi woga. Wanachuo wengi hukua bila kuwahi kukaa meza moja na kiziwi au mtoto mwenye usonji. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, wanapaswa kupelekwa pia katika shule zenye watoto hawa. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko ya jijini Dar es Salaam ni mfano unaofahamika wa mahali wanaposoma pamoja watoto wenye ulemavu na wasio nao. Mwanachuo akicheza nao na kula nao, hujifunza kumwona mtoto kabla ya ulemavu.

Nafasi yako, mzazi

Wewe ndiye unayemjua mtoto wako kuliko kitabu chochote. Mwalimu mpya au wa mazoezi anapofika, usisubiri akuite. Mweleze mambo haya:

- Mtoto anawasilianaje anapotaka kitu au anapoumwa.
- Kipi kinamtuliza na kipi kinamvuruga.
- Anaweza nini peke yake, na wapi anahitaji msaada.
- Ameshapimwa macho, masikio au maendeleo yake, na majibu yalikuwaje.

Ukiwa na wasiwasi na mtoto ambaye hajapimwa, anza na hospitali, kisha muulize mwalimu mkuu namna ya kumpata ofisa anayesimamia elimu maalumu katika halmashauri yenu. Taarifa zikifika mapema zinasaidia hata kwenye mitihani ya taifa, kwa kuwa ipo mipango ya karatasi za nukta nundu, maandishi makubwa na muda wa ziada kwa wanaostahili.

Kwa mzazi ambaye mwanawe hana mahitaji haya, usiogope kwamba darasa litacheleweshwa. Mwalimu anayesema kwa sauti ya kutosha, anayewatazama wanafunzi na kugawa kazi kwa hatua, humsaidia na mtoto wako. Na mwanao atakayezoea kumshika mkono mwenzake asiyeona kuelekea msalani, huenda kesho akawa yeye ndiye mwalimu tunayemtafuta.